Sentimita Nne

Kadi ilikuwa ya binti yake, Jagna:
madarasa kumi, yamelipwa, fedha hazirudishwi.
Jagna akavunjika kifundo cha mguu barafuni,
na Zbyszko, fundi wa reli za tramu, miaka arobaini na mitatu,
akasema mali ya mtu haiachwi ikaoza.
Akaja na soksi za kazini
na taulo lenye nembo ya hoteli ya Gdynia.

Ukumbi wetu zamani ulikuwa kiwanda cha pamba.
Sakafuni bado mna matundu ya skrubu
pale mitambo ya kufumia iliposimama;
ukilala chali ukanyoosha mkono
kidole huingia tunduni kama ufunguo.

Nilimpisha mkeka wa pembeni yangu.
"Inama," mwalimu Kazia akasema, "uone unapoishia."
Akainama. Akaishia magotini.
Akabaki pale, uso rangi ya supu ya bitiruti,
pumzi zikimtoka kwa mafungu.
Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi;
huyu alikwisha kukaushwa, akatiwa chumvi,
akaanikwa miaka ishirini juu ya reli za Łódź.

Mimi? Mimi maungo yangu ni mpira.
Tangu nina miaka sita nakunjika kama leso,
napiga msamba huku nasoma barua,
mguu wangu hufika sikioni
ila haujawahi kuninong'oneza kitu.
Daktari amenionya: viungo vyako vimelegea mno,
mlango usio na kitasa si uwazi, ni ubovu.
Sikumwambia mtu. Watu hupiga makofi.

Kazia ana rula ya mbao, ya shule.
Kutoka ncha ya kidole cha Zbyszko hadi sakafuni,
Jumanne ya kwanza: thelathini na nane.
Ya tano: thelathini na sita na nusu.
"Usiuvute msuli," humwambia, "ungoje.
Msuli ni mgeni mwoga: ukimshika mkono hukimbia,
ukimtengea kiti, atakaa."
Zbyszko akayaandika hayo nyuma ya tiketi.

Darasa la tisa, theluji imeziba madirisha,
Kazia akazima muziki akatupa kazi:
onyesheni kitu msichoweza tena kukifikia.
Bila maneno. Bila kukifikia.

Nikaanza mimi. Nikajipinda nyuma hadi vidole vikashika visigino,
nikafunguka, nikateleza,
wenzangu wakavuta pumzi.
Kazia akatikisa kichwa kwa adabu
kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

Zbyszko akasimama katikati na soksi zake.
Akainama, taratibu,
viganja vimeachana kwa upana wa kichwa cha mtoto mchanga.
Akashuka hadi pale mwili unapokatalia.
Akakataliwa. Hakulazimisha. Hakuinuka.
Paja likatetemeka, mgongo wa shati ukalowa,
mikono ikaning'inia juu ya kile kitu,
kwa sentimita thelathini na nne,
nasi sote tukauona ule umbali
kama mtu aonavyo maji kisimani, kamba ikiwa fupi.

Hakuna aliyepiga makofi.
Bomba la joto likagonga mara mbili.
Bogna akaenda kutafuta koti
ambalo alikuwa amelivaa.

Usiku, bafuni, nilijaribu.
Nikainama nikitafuta mahali pa kukataliwa.
Sikupaona. Viganja vikalala kwenye vigae,
rahisi, baridi, bubu.
Nikaanza upya. Safari hii nikafunga breki katikati,
nikajizuia pale ambapo ningeweza kupita,
na paja langu, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo,
likatetemeka.

Darasa la kumi nilimkuta ngazini,
mguu mmoja juu ya bomba la joto,
akifunga kamba za kiatu bila kushika ukuta.
Nilitaka kumwambia.
Akaniuliza kama najua
kadi mpya inanunuliwa kwa nani,
na je, bei huwa inapungua.