Ukoga

Hapa Košice bahari haipo.
Tunaikoroga wenyewe kila Jumapili
kwenye ndoo mbili za plastiki:
chumvi ya kopo, maji yaliyochujwa, pampu ndogo,
hadi kipimo kikiri kwamba hii ni bahari.

Inakaa chumba cha kusubiri,
kati ya rafu ya viatu na mlango wangu,
lita mia tatu na themanini,
ili mwenye jino bovu atazame samaki
asiisikie kekee.

Novemba mawe yaliota ndevu.
Nywele za kijani, laini, zenye vipovu nchani,
zikapanda matumbawe, zikala kioo,
na mtoto wa Hudák akauliza
kama samaki wamehamia malishoni.

Nikapima. Naitreti juu. Fosfeti juu zaidi.
Nikapunguza taa, saa kumi kwa siku zikawa sita.
Nikanunua konokono ishirini
na kaa watano wenye nyumba za kuazima;
walikula wiki moja kama wageni wa harusi,
wakashiba,
mwani haukushiba.
Nikakunja mikono ya koti hadi kwapani
nikasugua jiwe kwa jiwe
kwa mswaki mpya, ule tunaogawa bure,
kwa mwinamo uleule ninaofundisha:
anzia kwenye fizi, vuta nje.
Ulitoka.
Jumatatu ukarudi.

Miaka ishirini na sita nawaambia watu:
usiulaumu mswaki, niambie unatafuna nini usiku.
Tangi sikuwahi kuliuliza.

Aliyegundua ni Vlasta wa mapokezi.
Jumanne, saa mbili asubuhi, theluji bado iko kofiani,
mzee Vavrinec, mstaafu wa kiwanda cha chuma,
ambaye jino lake la mwisho nililing'oa mwaka juzi,
amekaa pale. Hana miadi.
Mfukoni ana mkate wenye kisibiti.
Anainua kifuniko, anaangusha chembe. Samaki wanakuja.
Anaangusha tena.
"Wananijua," anamwambia Vlasta.

Nilitoka na maneno yangu tayari,
yale makavu, ya daktari.
Kisha nikaona kwenye kioo, upande wa nje,
doa la pumzi, ukubwa wa uso,
na samaki wawili wa machungwa
wamelikodolea macho kutoka ndani.

Sasa Jumanne ni yake.
Anabeba maji nusu ndoo, nusu ndoo,
anafyonza uchafu wa mchangani kwa mpira,
anasugua. Chakula ni mfinyo mmoja,
na anauhesabu kwa sauti ili nisikie.
Mwani haujaisha. Nyuma ya jiwe kubwa
kuna kishungi anachokiacha makusudi:
konokono nao, anasema, wale wapi?

Mkate anakula mwenyewe,
upande wa kushoto tu,
maana upande wa kulia meno niliyomtengenezea
yanacheza.
Nimemwambia aingie nimrekebishie.
"Ngoja," anasema, mkono umezama hadi kiwikoni,
"nimalize jiwe hili."