Suruali ya Mhina

Ngedere wa Magoroto wanamjua mwanamke kwa mbali.
Mwanamume akikohoa tu, kundi zima linahama;
mimi nikipiga debe mpaka mkono ufe ganzi
dume lao linakaa juu ya kisiki, linanitazama,
linamenya hindi langu taratibu
kama mgeni aliyekaribishwa.

Ndiyo maana nikavaa suruali ya Mhina.
Mwaka wa tatu huu yeye yumo udongoni, suruali imo shambani,
nimeikaza kiunoni kwa kamba ya katani,
kofia yake nimeikandamiza hadi kwenye nyusi.
Wiki mbili walidanganyika.
Ya tatu wakajua.
Sijui ni mwendo, sijui ni harufu,
au ni vile mjane, hata avae nini,
hukanyaga kama anayeomba radhi.

Hesabu yangu fupi:
ekari moja na robo, mbegu ya mkopo,
nilitarajia magunia tisa, nikavuna mawili na debe,
na Sechonge wa chama anadai chake chote,
hapunguzi senti kwa sababu ya mkia.

Nikanunua sumu Muheza, duka la nyuma ya soko,
nikaipaka kwenye ndizi mbivu tano.
Maandishi sikuyasoma. Fuvu linajisoma lenyewe.

Asubuhi, chini ya mgomba,
kuku wawili wa Mama Kiondo.
Halafu jike.
Dume halikuwapo, lina akili kunishinda.
Na juu ya jike, kitoto, kizima,
kimeng'ang'ania titi lililokwisha kupoa.

Ndipo ukaja wewe, Salha, kutoka Chumbageni,
na fulana iliyoandikwa *Nao Wana Haki*,
ukapiga magoti kwenye tope na viatu vyako vyeupe.
Ulilia. Ulilia kweli, sisemi kwa kejeli.
Ukakifunga kitoto kwenye kanga,
ukakinywesha maziwa kwa bomba la sindano,
ukaniuliza: "Mama, hukuona huruma?"

Niliona.
Niliona huruma na niliona ghala.
Macho ni mawili, mwanangu.

Wanasema kesi ya ngedere usimpelekee nyani.
Haya. Na yangu mimi niipeleke kwa nani?
Mnyama akishiba kwangu, ni wa serikali.
Akifa kwangu, ni wangu.

Hukujibu. Ila hukuondoka.
Ukapanda dunguni nami, ukakutana na umande, na siafu,
na nguruwe wa saa nane za usiku
ambao hawana fulana ya mtu yeyote.
Siku ya kwanza uliwapigia makofi.
Ya pili ukawabembeleza, nilikusikia,
"jamani, jamani," kama unagawa zamu bombani.
Ya tatu, alfajiri, usingizi umeniiba,
nikasikia jiwe likipasua hewa.

Kombeo lilikuwa mkononi mwako.
Dume lilikuwa limeshika bega, linachechemea kuelekea msituni,
nawe umesimama, mdomo wazi,
kama aliyeitwa jina lake
na sauti asiyoijua.

Sikucheka. Nilitaka, nikajizuia.
Nikakumiminia chai ya mchaichai kwenye kifuniko cha chupa
ukainywa bila kunitazama.

Umeondoka Jumanne, kitoto kikiwa ndani ya kikapu.
Umeahidi waya, umeahidi pilipili ya kuloweka,
umeahidi mbwa wawili waliofunzwa kubweka bila kuuma.
Nimeiandika ahadi yako ukutani kwa mkaa,
chini ya deni la Sechonge.

Sumu imebaki robo chupa.
Sijaimwaga.
Nimeitia kwenye mguu wa suruali ya Mhina,
ambayo sasa haimdanganyi yeyote,
nikapiga mafundo mawili, nikaitundika darini.

Mahindi ya vuli yametoa mbelewele jana.
Njoo, Salha.
Njoo kabla hayajakomaa;
mafundo yenyewe niliyafunga mimi,
na ninajua yanavyofunguka.