Shika Upande Ule

Nyumba ya kwanza ilikuwa tupu,
fleti ya orofa ya tatu, Ganjoni.
Dalali Mwakombo akazungusha ufunguo mara tatu
kama anayefungua sanduku la mtu mwingine.
Sauti zetu zilitutangulia ndani,
zikagonga ukuta, zikarudi zimekonda.
"Hapa sebule," akasema.
Sebule, ukajibu mwangwi, bule.

Nyumba tupu haina haya.
Ilituonyesha misumari yake yote,
duara la kutu pale friji iliposimama miaka,
vigae viwili vilivyopasuka karibu na choo,
alama ya kaa la chetezo lililochoma sakafu,
na mraba mweupe ukutani: picha ya nani, hatukuuliza.
Mwinyihaji akapima kwa hatua, moja, mbili, tatu na nusu.
"Kitanda chetu hakiingii."
Kinaingia, nikamwambia, ila chumba bila kitanda
hujikunja, kama leso iliyo kabatini.
Hakuniamini. Hata mimi sikujiamini.
Nilijaribu kuliweka mle kochi letu, kwa macho tu,
kochi likakataa kukaa.

Kwenye ngazi Mwakombo alitaja bei mara mbili,
mara ya pili kwa sauti ya chini.

Nyumba ya pili, Tudor, ilitupokea kwa iliki.
Bi Thureya alikuwemo, yeye na vitu vyake vyote:
makochi ya mahameli na vitambaa vyake vya kufuma,
saa ya ukutani iliyochelewa dakika ishirini,
vikombe vya harusi ya bintiye, havijawahi kunywewa,
juisi ya ukwaju, barafu ikigonga gilasi.
Nilikaa. Kosa langu lilikuwa kukaa.
Dakika tano, nami nilishakuwa mwenyeji:
nimeshamkaribisha mama mkwe,
nimeshamgombeza mtoto ambaye sijamzaa
asimwage chai kwenye zulia lisilo langu.
Nikamsikia Mwinyihaji akishusha sauti, adabu ya mgeni,
na mtu akishakuwa mgeni
hawezi tena kufungua bomba aone kama maji yanatoka.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango.
Kuhusu makochi hawakusema kitu.

Mwakombo alipotoka kupokea simu
nikaliona kabati la chumba cha nyuma.
Halikuegemea ukuta. Lilisimama mbele kidogo,
kama mtu anayemficha mtoto mgongoni.
Nikalitazama.
Bi Thureya akanitazama nikilitazama.
Feni ikazunguka.
Kisha akavua bangili zake, moja moja,
akaziweka juu ya kitanda.
"Shika upande ule, mwanangu."

Tukasukuma. Miguu ya kabati ikalia kwenye vigae.
Nyuma yake ukuta umevimba kwa chumvi,
rangi inabanduka kama ngozi ya aliyetoka surua,
tangu sakafuni hadi kiunoni.
"Bomba la jirani," akasema. "Mwaka wa sita huu.
Yule nje aliniambia nisikulete huku."
Akapangusa vidole kwenye dera lake,
akavaa bangili, akaniuliza kama juisi ilikolea sukari.

Tulinunua hiyo. Usiniulize kama ilikuwa hekima.
Bei ilishuka, lakini fundi alikula laki moja na ushei,
na masika haya chumvi imerudi, kidogo, kwenye pembe.

Siku ya kukabidhiwa funguo ilikuwa tupu nayo,
ndogo, ngeni, misumari kila mahali,
saa imeacha duara lake ukutani,
harufu ya iliki imehama na mwenyewe.
Mwinyihaji akaita "Hodi!" kuujaribu mwangwi,
nao ukajibu kama ule wa Ganjoni, vilevile.

Ila ukuta ule tulikuwa tunajuana.
Kabati letu tumeliweka kwingine.