Kiinua Mgongo

Redio ya jirani imetamka: nyongeza ya pensheni imesitishwa,
hali ni ngumu, sote tukaze mikanda.
Nyaketcho anautazama wake,
ule wa sare, wa ukunga, hospitali ya Tororo,
miaka thelathini na mmoja.
Fundi viatu aliutoboa tundu la tatu mwaka jana,
la nne mwezi Machi. Ngozi imekwisha.

Kiinua mgongo, walikiita.
Wanataka kwanza fomu, kwamba yu hai.
Akaenda. "Nipo," akasema.
Karani akamkodolea macho;
kichwa kile alikipokea yeye duniani.

Usiku hesabu humgeukia:
Nyafwono, aliye zamu sasa, hana glavu,
mshahara wa mwezi jana bado.
Shilingi yangu ikiongezwa, inachomolewa mfuko wa nani?
Anakosa jibu, anageukia ukutani.

Alfajiri sukari imepanda tena.
Sukari haikusikia redio.
Anakunywa chai tupu, anaandika:
"Usiku wangu mliukopa kwa harusi,
msingoje kunilipa matangani.
Na mikanda ikikazwa, anzeni penye matumbo."

Bahasha anayo.
Stempu, mwisho wa mwezi.