Sabuni ya Lami

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Za panya nimezikata miaka ishirini na saba,
kila kipande chembamba kuliko unywele,
katika chumba cha chini, hapa Oulu, chenye dirisha moja
linalotazama theluji na magurudumu ya baiskeli.

Profesa ni yeye, Aulikki Vääräniemi.
Mimi ni Veikko, mtu wa kisu.
Yeye aliuliza; mimi nilikata, nikapaka rangi,
nikaandika namba kwa kalamu ya risasi,
maana wino hukimbia ukiguswa na spiriti.

Alikuja na swali aliloliokota wodini akiwa daktari kijana:
mbona mtu mmoja akitishwa huinuka, akajipangusa, akala,
na mwingine hujikunja pembeni asitoke tena?
Hakusema wazimu. Alisema kujikunja.

Mwaka wa sita tukapata.
Panya walioshikwa asubuhi, tangu wadogo,
ukubwani waliganda kwenye kona ya sanduku;
walioshikwa jioni hawakujali.
Na ndani ya bongo za asubuhi, pale penye umbo la lozi,
seli ziliwaka kwa rangi yangu
kama taa za barabarani mwezi wa Desemba.
Barua zikaja. Profesa akanunua koti.
Akaenda Lyon, akaenda Kyoto.
Mimi nilibaki na keki, nikijiona nami nimo.

Kisha watu wa Groningen wakarudia, wasione kitu.
Wakarudia tena. Hakuna.
Mwanafunzi wetu Inkeri, mwenye mafua siku zote,
akarudia hapa hapa, wiki niliyokuwa likizo:
panya walitembea sandukuni kama wenye nyumba.

Majira yote ya baridi tulimsaka mkosaji.
Chakula? Taa? Mtetemo wa lifti?
Asubuhi moja nikivua glavu, profesa alisimama mlangoni,
akanusa hewa kama anayetafuta mkate unaoungua.
"Veikko," akasema, "unaoga kwa sabuni gani?"

Ya lami.
Baba aliitumia, na baba yake,
ambaye alichoma misonobari kuikamua.
Ina harufu ya moshi. Kwangu ni nyumbani, ni Jumamosi.
Kwa panya ni msitu unaowaka.
Zamu ya asubuhi ilikuwa yangu.
Miaka sita nilikuwa moto, na sikujua.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Yeye hakuficha. Aliandika mistari minne jaridani:
matokeo yetu hayasimami;
chanzo ni harufu ya mshikaji.
Mshikaji. Jina langu hakulitaja.
Lile koti sikuliona tena.

Tangu hapo akawa anapanda wodini na daftari tu,
bila mashine, akiuliza mambo ya ajabu:
nani alikuwa chumbani? Dirisha lilikuwa wazi?
Nani alikushika, na kwa mkono upi?
Wakubwa wakasema amechoka.

Kulikuwa na mzee Urho Keränen, miaka mitatu bila neno.
Ubongo wake tumeupiga picha mara tisa;
mara tisa haukutuambia lolote.
Profesa alikaa naye siku nne
akitazama anachokitazama.
Siku ya tano akaomba saa ya ukutani iondolewe.

Urho hakupona. Tusidanganyane.
Ila jioni ile, mezani, aliomba chumvi.

Kesho profesa anastaafu.
Ameniachia hadubini, na mmea wake uliokufa nusu.
Siku hizi naoga kwa sabuni isiyo na harufu,
mke wangu husema ni kama kulala na mgeni.
Lakini kuna usiku nanusa viganja vyangu gizani,
nikiwahesabu walionikaribia maishani,
na waliojikunja,
nikijiuliza kwao nilinukia nini.