Meno Arobaini na Tatu

Difu ilianza kulia mwezi wa saba,
sauti ya nyuki aliyefungiwa chupani,
kwanza ukikanyaga mafuta, baadaye hata ukiachia.
Mke wangu Aune akaongeza sauti ya redio,
akasema, umeona, imepona.

Corolla ya mwaka themanini na mbili, rangi ya haradali,
kutu imeitafuna milango kuanzia chini.
Kwa maneno ilikuwa ya Saimi tayari:
Septemba anahamia Oulu kusomea udaktari wa meno,
na kutoka Kuhmo hadi huko ni misonobari mitupu.

Nilipata difu nyingine Kajaani, kwa muuza vyuma chakavu
anayepanga bei kwa kukutazama viatu.
Nikaizungusha kwa mkono. Kimya.
Nikahesabu meno ya krauni kwa chaki: arobaini na tatu.
Ile yetu ilikuwa na arobaini na moja.
Mawili zaidi, nikamwambia Saimi:
mlimani itapata nguvu, tambarare itapungua mbio.
Nilifurahi. Baba gani hafurahi
binti yake akipungua mbio?

Tukainyanyua kwa jeki nyuma ya banda la kuni.
"Bolti ya kujazia kwanza, kabla ya kumwaga.
Jirani yetu Kauko alimwaga kwanza. Ya kujazia ikagoma,
ikakatika kichwa,
na Volvo yake ikakaa bila oili mpaka kuku wakataga ndani."
Oili ilitoka nyeusi, inanuka yai viza,
na kwenye sumaku ya bolti unga wa fedha ulisimama kama manyoya.
Saimi akausugua kwa vidole.
"Kumbe kelele ina rangi," akasema.

Ekseli ya kushoto ilichomoka kama upanga.
Ya kulia ilitaka nyundo,
na matusi, na kahawa,
kisha nyundo tena.

Nati kumi. Mgongo wangu ulikwisha kwenye ya sita,
akaingia yeye chini, akaipokea difu kifuani
kwa uangalifu wa mtu aliyepewa mtoto wa watu.

Ile ya Kajaani ilikuwa inavuja kwenye sili ya pinioni.
Aune aliondoa kitambaa cha meza ya jikoni bila neno,
na hilo lilikuwa neno.
Tukaitia nati alama kwa rangi yake ya kucha
ili irudi palepale ilipokuwa.
Saimi akaigongea sili mpya taratibu kwa kopo la samaki,
akasafisha kila jino kwa mswaki wa zamani, wa kwangu.
Nikamwonyesha jinsi krauni inavyocheza kidogo, unywele tu:
yakibanana sana yanaungua,
yakiachana sana yanagongana.
Nilikuwa naongea juu ya vyuma.

Jioni tukaitoa barabarani.
Kimya kilikuwa kipya hata tukasikia kiti kikilalamika.
Mshale ulisema themanini.
Saimi alikuwa anatazama saa yake, na vibao vya kilomita.
"Baba, vibao vinakuja mapema."
Vinakujaje mapema?
"Ile gia ndogo uliihesabu?"

Sikujibu. Ya zamani, kumi; hiyo naijua.
"Hii ina kumi na moja," akasema. "Niliipiga mswaki."
Akaandika kwenye vumbi la dashibodi, akagawanya kwa kidole:
ukisoma themanini, unakwenda themanini na nne.
Kwa nini hukusema?
"Nilidhani unajua."

Jumapili nilibandika karatasi chini ya mshale,
kwa mwandiko wangu mbaya: ONGEZA NNE.
Akaicheka, hakuibandua.

Gari lilikata kona kwenye kiwanda cha mbao,
gurudumu la nje likikimbia, la ndani likisubiri.
Zamani ningemsikia mpaka darajani.
Nilisimama pale, spana bado mfukoni,
nikitega sikio,
na kazi yangu ilikuwa nzuri mno,
sikusikia kitu.