Nusu Athari

Tulianza kwa kumfukuza paka.
Bi Zuweina, mkwe wangu, alishika fagio
akamsaka uani, chini ya tangi, nyuma ya gunia la ndimu kavu,
akaapa ndiye anayekojolea mito.
Paka akahamia kwa jirani.
Harufu ikabaki.
Ilitoka kwenye nepi za mwanangu.

Mundhir, siku ya thelathini na moja:
nywele zinabaki ndani ya kofia,
upele mwekundu umezunguka mdomo kama aliyelamba pilipili,
na anahema.
Mtoto asiyejua hata kugeuka kitandani
anahema kama aliyepanda jabali mchana wa Julai.

Kuhema kule nilikujua.
Yaqdhan, wa kwanza, alihema vivyo hivyo
mpaka usiku wa thelathini na nane.
Tulisema ni jicho. Bi Zuweina alisema ni maziwa yangu.

Kutoka Ibra hadi Maskati
kamera za barabarani zilitupiga picha mara nne.
Khalfan hakupunguza.

Daktari Ruqaiya, bibi yake mzaliwa wa Wete,
aliona Kiarabu cha vitabu kinanipita juu ya kichwa,
akageuza ulimi:
"Dada, umekulia penye falaji?"
Ndiyo.
"Basi mwilini nako mna malango, na walangoni.
Watano kati yao ni ndugu, ukoo wa kaboksilasi.
Hewa tunayoitupa puani, wao huiokota,
wakaibandika kwenye vipande vya chakula
ili vipate njia ya kupita:
huku sukari ya saa za njaa,
huku mafuta ya kujengea,
huku mabaki ya maziwa na nyama yasigeuke sumu.
Pumzi unayodhani imestaafu, dada, inaajiriwa upya.
Ila mlangoni hazaliwi na mkono.
Mkono ni vitamini, bayotini, kitu kidogo hivi,
na yuko fundi mmoja wa kuwafungia wote.
Fundi wa Mundhir ana vidole vizito.
Mikono inapita mbele yake, haidaki.
Maji yamesimama.
Shamba la chini limekauka, la juu linaoza.
Unachonusa ni lile linalooza."

Akachora duara, akachora mraba,
akaviunga kwa mistari miwili badala ya mmoja,
kwa kuwa babu yetu ni yule yule.
Mahari yangu ilikuwa nyepesi; binti wa ami hauzwi.
Wazee wa falaji hupima maji kwa athari,
athari moja nusu saa.
Mimi nilibeba nusu, Khalfan nusu,
na nusu haimuumizi mtu.
Khalfan alitazama ndara zake.

"Tutammiminia mikono," akasema daktari,
"mingi, kila siku, mpaka fundi adake."

Siku ya nne nepi ilinuka nepi.
Niliikumbatia nikalia, manesi wakacheka, nami nikacheka.
Kisha nikauliza bei ya kidonge.
Chini ya chai ya maziwa na chapati mbili.
Nikauliza: na yule wa kwanza?
Alifunika kalamu yake.
Hakunijibu, na namshukuru.

Sasa ana miaka sita na nywele za kugombana na kitana.
Kila asubuhi napasua kidonge, unga mweupe ndani ya mtindi,
naye hulamba kijiko pande zote mbili
kisha hupulizia kioo cha dirisha ukungu, achore gari.
Naitazama ile pumzi. Nyingine imebaki ndani, iko kazini.

Zamu yetu ya maji ni Jumatano alfajiri, nusu athari.
Khalfan huinama, huchomoa jiwe na tambara,
maji husita kidogo, halafu hukata kona.
Makaburi yako juu ya mfereji.
Huko hayapandi.

Paka amerudi.
Bi Zuweina humwekea kichwa cha jodari kwenye sahani yake ya maua,
ile ya wageni,
akaniangalia mimi, si paka,
akarudi ndani.